Anayejua Kizuizi Aseme

Kilema, 9 Julai 2023

Mwanangu Mektrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mkuu na masista wote huko monasterini. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba na hauondoki hadi saa sita mchana. Kahawa ya kule chini, karibu na mfereji, imeanza kuwa nyekundu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kaka yako Hosea yuko mlimani na wageni wanaopanda, naye ana kikohozi, akishuka atapitia hapa. Presha yangu inapanda na kushuka, lakini daktari wa hospitali ya Mawenzi amenibadilishia dawa na sasa naongoza ibada yote bila kushika kiti.

Mama yako ametimiza miaka sita tangu atutoke, mwezi uliopita. Jumuiya ilikuja, tukasali rozari, wakanywa mtori wakaondoka. Najua kwamba wewe hukuruhusiwa kutoka kuja kumzika na kwamba jambo hilo bado lina uzito kwako, kwa hiyo nakuambia: kaburi lake ni safi na maua yake yanatunzwa.

Anayeyatunza ni Justina. Utamkumbuka, yule mama aliyehamia huku kutoka Kwa Sadala ulipokuwa sekondari, anauza maziwa. Nilipoanguka bafuni mwaka juzi yeye ndiye aliyenikuta. Tangu hapo anakuja asubuhi, anapika, anafua, jioni anarudi kwake. Hajalala hapa hata siku moja. Amepaka jiko chokaa na kuyahamisha mafiga ili moshi usiniumize macho. Nina miaka sabini na mmoja, Mektrida, na nimechoka kula peke yangu. Tumekubaliana kufunga ndoa kanisani mavuno yakiisha.

Liko jambo moja. Watu wote wanajua kwamba mume wa Justina alikwenda kuchimba madini Msumbiji miaka ishirini na minne iliyopita akafia huko. Justina mwenyewe ameniambia si hivyo. Miaka tisa iliyopita mtu huyo alimpigia simu mara moja, akauliza kama mama yake bado yu hai, akakata. Tangu hapo ni kimya. Huenda sasa amekufa kweli. Lakini siku ile alikuwa hai, na ndoa yao ilifungwa kanisani.

Watu wawili tu wamelisikia hili kutoka kwangu. Wa kwanza ni Primus, kwa sababu alinisimamia nilipomwoa mama yako na nimemwomba anisimamie tena. Nilimweleza tukiwa tunazibua mfereji. Aliendelea kuchota tope mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Melkior, mimi sijasikia kitu." Wa pili ni wewe. Ukishaisoma barua hii, ichome.

Baba yako,
Melkior


Monasterini, 14 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Milele na milele, amina. Shikamoo Baba. Sisi hatujambo. Tumemaliza kuchimba viazi, na sista wetu aliyekuwa mgonjwa tangu Pasaka amepata nafuu, sasa anakaa kwenye kiti. Huku ni vumbi na jua, natamani hata nusu saa ya ukungu wa nyumbani. Kesho ni sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, tumeshinda tukipamba kikanisa. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Msalimie Hosea, mwambie aache kupanda na kikohozi.

Lile neno lako nimelisoma. Wewe ndiye uliyenifundisha amri kumi ukinihesabia vidole. Na matangazo ya ndoa, toka nikiwa mdogo, ni wewe uliyekuwa ukiyasoma mbele ya watu, na mwisho wake ulikuwa ukiinua macho kwenye karatasi na kusema, anayejua kizuizi aseme. Nenda kwa Paroko, Baba. Mweleze mwenyewe kabla ya matangazo. Kanisa lina njia ya kumtafuta mtu aliyepotea, hata kama ni ndefu. Nakuomba sana.

Mafiga aliyahamishia upande gani? Mama aliyaweka pale kwa sababu ya mlango.

Nakuombea kila siku.

Mwanao,
Mektrida


Kilema, 8 Oktoba 2023

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima wa mwili. Hosea alikuja, amepona kikohozi. Kahawa tumeuza. Ndama anakula majani.

Sikwenda kwa Paroko. Nilisema moyoni, huyu mtoto yuko ndani ya kuta na wenzake thelathini, hajui nyumba yenye sahani moja. Ilipofika siku ya mahojiano ya ndoa, Paroko alituita kila mmoja peke yake, mkono juu ya Biblia, akauliza kama tunajua kizuizi chochote. Nilisema hapana. Justina naye akasema hapana. Wachumba wangapi nimewaleta mimi mwenyewe mbele ya swali lile, nikiwaonya wasidanganye.

Tangazo la kwanza lilipita salama. La pili likapita. Jumatatu Paroko akaniita ofisini. Wajua tangu tuwe parokia ndogo huku juu ofisi yenyewe ni chumba kimoja, na mlangoni palikuwa na watu wanaosubiri barua za ubatizo.

Akaniuliza, "Mzee Melkior, mume wa Justina yu hai?"

Nikasema, "Padre, watu wote wanajua alikufa."

"Sikuulizi watu. Alipiga simu au hakupiga?"

Nikajua hapohapo kwamba kuna mtu amesema, maana habari ya simu haikuwa mdomoni mwa watu. Nikajibu kwamba alipiga. Nikamuuliza nani amemweleza. Akasema, "Aliyesema ametimiza wajibu wake. Wewe hukutimiza wako."

Ndoa imesimamishwa. Ukatekista nimevuliwa, baada ya miaka arobaini na mmoja. Komunyo nisipokee mpaka niungame na kuomba msamaha mbele ya waamini. Jumapili iliyofuata aliyatangaza hayo yote, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele kwa sababu ya mazoea.

Nimefikiri sana. Waliojua ni Justina, mimi, Primus na wewe. Wewe ni damu yangu, tena umo ndani ya ukuta. Basi ni Primus. Tulibatizwa siku moja, tumekula pamoja, tumegawana zamu ya maji miaka yote hii bila kugombana. Kumbe alikuwa anangoja nijikwae, yeye mwenyekiti wa kigango, aonekane mtakatifu. Jumatano, kwenye sala za jumuiya, nilisimama nikasema kati yetu yuko Yuda, nikamtaja kwa jina. Yeye alifunga kitabu chake cha sala. Mkewe Evelyn ndiye aliyelia.

Niombee, maana nimesalitiwa na mtu niliyemwita ndugu.

Baba yako,
Melkior


Monasterini, 26 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa na homa, kisha zamu yangu ya jikoni. Mvua zimeanza kidogo. Leo ni Kristo Mfalme, Jumapili ijayo tunaingia Majilio na barua hazitoki mpaka Noeli, kwa hiyo naandika upesi.

Nimehuzunika kwa yaliyokupata. Lakini Baba, naomba usimhukumu Mzee Primus. Hukumwona akienda kwa Paroko. Yawezekana si yeye. Nenda mzungumze, mrudiane, hata kama hujui ukweli wote. Afadhali umsamehe bure kuliko kumchukia bure.

Paroko amekuonyesha mlango wa kurudi: uungame, uombe msamaha. Usikae nje muda mrefu.

Je, Justina bado anakuja nyumbani?

Mwanao,
Mektrida


Kilema, 7 Januari 2024

Mwanangu,

Heri ya Noeli na mwaka mpya. Hosea alileta mkewe na watoto, wakachinja mbuzi, nikala kidogo. Mbege ilikuwa nzuri, walioinywa wamesema. Gladness, binti wa Hosea, anaingia darasa la saba, anaulizia ni lini atamwona shangazi.

Unauliza habari za Justina. Hayuko. Alisubiri Noeli ipite, akafua nguo zangu zote, akazikunja, akasema, "Mzee, nikikaa watasema, na wewe hutarudi kwenye meza ya Bwana. Wacha niende." Amerudi Kwa Sadala kwa dada yake, anauza ndizi sokoni. Sikumzuia. Ningemzuia kwa neno gani?

Unasema yawezekana si Primus. Kama si yeye, ni nani? Nijibu.

Siku ya pili baada ya Noeli Primus alikuja hapa mwenyewe. Alikuwa ameshika jani la isale. Unaijua desturi, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama aliuliwa ndugu. Alisimama uani, hakutaka kukaa. Akasema, "Melkior, sikusema. Naapa kwa ubatizo wetu."

Nikamwambia, "Kama hukusema, isale la nini? Asiye na kosa haleti isale."

Akasema, "Kati yetu wawili lazima mmoja alete. Wewe hutaki. Mimi siwezi kuzeeka bila wewe."

Nikamjibu kwamba mimi ni Mkristo, mambo ya majani siyajui, nikaingia ndani na kufunga mlango. Niliona kivuli chake chini ya mlango, kisha sikukiona.

Babu yangu alikuwa akinisimulia kwamba enzi za mapadre wa kizungu mtu aliyerudia matambiko alipigishwa magoti mlangoni mwa kanisa Jumapili nne, wenzake wakimpita wanaingia. Nilikuwa nacheka. Sasa nakaa benchi la mwisho, na wakati wa Komunyo wote wakisimama nabaki peke yangu kama jino la mwisho kinywani. Kuungama nitaungama, lakini sitaomba msamaha mbele ya watu mpaka na yeye Primus asimame aseme alichofanya.

Baba yako,
Melkior


Monasterini, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni mistari michache tu. Jumatano tunaanza Kwaresima, barua hazitaingia wala kutoka mpaka Pasaka. Nina jambo la kukueleza na haliwezi kuandikwa kwa haraka. Nitakuandikia tukishafufuka na Bwana.

Mpokee Mzee Primus akija tena. Nakusihi.

Mektrida


Kilema, 7 Aprili 2024

Mwanangu,

Kristo amefufuka. Natumaini mmesherehekea vizuri. Huku mvua za masika zimeshika, barabara ya kwenda mjini imekatika mara mbili. Hosea hana wageni, yuko nyumbani anapalilia.

Primus amefariki.

Alianza kuumwa kifua wiki ya kwanza ya Kwaresima. Evelyn alimtuma mtu kuniita, akasema mgonjwa anakuulizia. Nikasema nitakuja. Sikwenda. Akaja Evelyn mwenyewe, kichwa wazi, mvua inamnyeshea, akasema, "Shemeji, njoo hata usiseme neno, akuone tu." Nikamwambia, "Akiri kwanza." Akaniuliza, "Akiri nini, na amekwisha kuapa?" Akaondoka. Jumanne ya tarehe tano Machi kengele ikalia.

Siku ya maziko niliingia shambani kukata matawi ya kahawa. Kutoka pale nasikia kila kitu cha kanisani. Kwaya ile niliifundisha mimi. Waliimba zile nyimbo zote, na sauti ya pili walikosea pale pale wanapokosea siku zote, na mimi nimeshika panga nikawa najiambia, wewe ndiye uliyekosewa, simama hapo hapo.

Ulisema baada ya Pasaka utanieleza jambo. Pasaka imepita.

Baba yako,
Melkior


Monasterini, 28 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi. Sitauliza habari za nyumbani wala kutoa za huku.

Ni mimi niliyemwandikia Paroko. Mzee Primus hakusema kitu.

Nilisubiri barua yako mpaka mwanzo wa Septemba, nikiomba uniambie kwamba umekwenda kusema mwenyewe. Haikuja. Nikamwandikia Paroko kwamba mume yu hai na kwamba alipiga simu. Nilimwomba asitaje jina langu. Sheria ya Kanisa inamtaka kila anayejua kizuizi akiseme, na nilijua unakwenda kusimama mbele ya altare na kuipokea sakramenti kwa uongo, wewe uliyenifundisha sakramenti. Niliogopa kwa ajili ya roho yako. Naamini bado kwamba ilinipasa kusema.

Lakini tangu ile barua yako ya Oktoba nilijua kwamba unamtuhumu mtu asiye na kosa. Mara mbili nilikuandikia, na mara mbili nikakwambia umsamehe, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kumsamehe. Nilitaka mpatane bila mimi kutajwa. Alipoleta isale nililia, na bado sikuandika. Amekufa akiitwa Yuda kwa ajili yangu.

Nimeungama. Padre amenipa kitubio, nimekitimiza, na sioni kama kimegusa kitu. Nipe wewe kitubio, Baba. Lolote utakalosema nitalifanya.

Mektrida


Kilema, 30 Juni 2024

Mektrida,

Watu wa nyumbani hawajambo.

Barua yako niliipokea katikati ya Mei. Niliisoma mara moja nikaiweka kwenye kabati la vyombo na sikuigusa siku kumi. Kisha nikaenda kwa Paroko. Sikwenda kugombana. Nilimwambia, "Padre, najua sasa aliyesema. Nimekuja kuungama niliyomfanyia ambaye hakusema."

Alipomaliza kunisikiliza na kuniondolea dhambi, akavua stola, akafungua droo akatoa bahasha. Akasema, "Hii ni yako, nilikuwa sijui nikurudishie vipi." Ndani yake mlikuwa na barua yangu. Ile ya Julai. Mwandiko wangu, doa la chai pembeni, na pale chini maneno yangu: ukishaisoma barua hii, ichome.

Hukuniambia hilo. Umesema ulimwandikia. Hukusema kwamba ulimkabidhi barua yangu aisome yeye mwenyewe: upweke wangu, kuanguka kwangu bafuni, mama yako, mtu wa miaka sabini na mmoja anayesema amechoka kula peke yake. Nilisimama mbele ya kijana wa miaka thelathini na nane aliyekuwa na moyo wangu kwenye droo kwa miezi tisa.

Kwenye kozi ya makatekista tulifundishwa historia ya wale Wakristo wa zamani walioteswa na wafalme wa Roma. Wako waliokana imani kwa hofu, wakalia, wakakaa mlangoni miaka mingi wakiwaomba wanaoingia wawaombee, na Kanisa likawarudisha. Na wako waliowakabidhi askari vitabu vitakatifu. Padre aliyetufundisha alisema lile neno la Kilatini la kukabidhi ndilo lililokuja kuwa neno la kusaliti. Tuligombana darasani kutwa nzima, kama watu hao nao wangepaswa kupokewa. Mimi nilikuwa upande wa kuwapokea. Nilikuwa kijana.

Sikulaumu kwa kusema. Nataka ulijue hilo. Nilidanganya nikiwa nimeweka mkono juu ya Biblia, na kama ungekuwa binti wa mtu mwingine ningekusifu. Kanisa lilikuwa na haki na wewe ulikuwa na haki. Lakini siku ile nilipokuandikia kwamba ni Primus, ulikuwa na kalamu.

Kitubio nilichopewa ni rozari tatu na kuomba msamaha mbele ya waamini. Jumapili ya Utatu Mtakatifu nikasimama. Nilisema, "Nilimdanganya Padre katika mahojiano ya ndoa. Na nilimsingizia Primus. Hakusema. Aliyesema namjua sasa, na si yeye." Hakuna aliyenifokea, ningependa wangenifokea.

Evelyn alinisubiri nje. Akaniuliza, "Kama si Primus, ni nani?"

Nikasema, "Shemeji, siwezi kumtaja."

Akaifunga khanga yake upya. Kisha akasema, "Basi mwandikie Sista Mektrida amwombee Primus. Sala za watu kama yule zinafika."

Nimekubali kukufikishia. Nimekufikishia.

Unaniomba kitubio. Mimi si padre, na hata ukatekista sina.

Melkior


Monasterini, 21 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako. Sina la kujitetea kuhusu barua uliyosema niichome. Nilijiambia kwamba Paroko asingeniamini bila kuuona mwandiko wako. Angeniamini.

Nilikuambia mambo mengine yasiyo ya kweli, na sasa nayasema. Nilisema Kwaresima barua hazitoki. Ndivyo ilivyo kanuni yetu, lakini kwa jambo zito Mama Mkuu hutoa ruhusa. Mwaka jana sista mmoja aliruhusiwa kwa ajili ya shamba la ndugu zake. Mimi sikuomba. Nilifurahi kwamba kanuni ipo. Katika siku hizo arobaini Mzee Primus alikuwa kitandani.

Na nilisema nilimwandikia Paroko kwa ajili ya roho yako. Nimejiuliza usiku na mchana na sipati kwamba ni kweli, au ni kweli kidogo. Mama alipokufa waliniletea habari baada ya Sala ya Jioni. Nilimwimbia zaburi humu ndani na nyie mkamzika huko. Sikuona kaburi. Kitu nilichokuwa nacho cha Mama ni jiko lile kama nilivyoliacha, yeye ameketi upande wa mlango, anapuliza moto, na mimi namenya ndizi. Ulipoandika kwamba Justina ameyahamisha mafiga, hapo ndipo moyoni nilipochukua kalamu. Hata habari za mume wake nilizisoma mara ya pili ndipo nikaziona. Niliitumia sheria ya Kanisa kumfukuza mwanamke jikoni kwa mama yangu. Na nikaifanya kazi hiyo nikiwa nimevaa vazi hili.

Sikuomba kitubio kwako kwa unyenyekevu. Nilitaka uniambie la kufanya ili nilifanye, halafu liishe.

Nimemwandikia Mama Evelyn. Barua iko ndani ya hii, sijaifunga. Isome kwanza, na kama unaona itamuumiza zaidi, iache. Lakini sitaki aendelee kuniomba sala bila kujua anamwomba nani. Nimemweleza Mama Mkuu vilevile. Ameniondoa katika kuwafundisha wasichana wa unovisi.

Je, umenisamehe, Baba?

Mektrida


Kilema, 1 Septemba 2024

Mektrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Tunaendelea vizuri. Kahawa ni nyingi mwaka huu, Hosea amepata wageni wa kumaliza msimu. Yule ndama amekuwa mtamba.

Barua yako kwa Evelyn niliisoma, kisha nikaipeleka siku hiyohiyo. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikampa. Akafuta mikono, akaitazama bahasha, akasema, "Miwani yangu imevunjika, nisomee."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilikaa kwenye kigoda nikasoma. "Shikamoo Mama. Mimi Mektrida wa Melkior ndiye niliyesema kwa Paroko. Mzee Primus alisingiziwa, na mimi nilijua, nikanyamaza." Nilipofika hapo nikashusha karatasi. Akaniambia niendelee. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka jina lako.

Akauliza, "Kwa hiyo Primus alipokuwa akiumwa, mwanao alikuwa anajua?"

Nikasema, "Alikuwa hajui kwamba Primus anaumwa. Lakini kwamba anasingiziwa, alijua tangu Oktoba."

"Na siku zote hizo alikuwa anasali?"

"Alikuwa anasali."

Akachukua kisu akaendelea na ndizi. Alimenya mkungu mzima, Mektrida, na mimi nimekaa pale na karatasi mkononi. Mwishowe akasema, "Mwandikie kwamba barua imefika."

Nikamuuliza, "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Nikiwa na neno lingine nitakuita uniandikie."

Nilipokuwa natoka aliniita mlangoni. Nilidhani amebadilisha mawazo. Alisema, "Shemeji, na wewe usidhani kwamba yeye ndiye aliyekuzuia kuja kumwona Primus. Mlango wa kwetu ulikuwa wazi." Nikamwambia najua. Akasema, "Basi." Jumapili anakaa benchi lake na mimi langu. Zamu ya maji ya Primus sasa naisimamia mimi, yeye hajaniomba wala hajanikataza.

Nilikwenda Kwa Sadala. Justina ni mzima, amekonda. Nilimweleza yote, na wewe nikakutaja, kwa sababu yeye naye ana haki ya kujua. Aliuliza tu kama mafiga yalikuwa na shida. Nikasema hayakuwa na shida. Tumempelekea Paroko ombi la kumtafuta yule mumewe, ijulikane kama yu hai au ni marehemu. Amesema inaweza kuchukua miaka. Tutangoja, kila mtu kwake. Wiki iliyopita ndipo nilipothubutu kupokea Komunyo, mara ya kwanza tangu Septemba ya mwaka jana.

Umeniuliza kama nimekusamehe. Neno hilo nimewafundisha watu miaka arobaini na mmoja, na mdomo wangu unajua kulisema bila mimi. Ningeweza kuliandika hapa, ukalala vizuri. Lakini mwaka mzima tumeandikiana mambo mazuri yasiyo ya kweli, wewe na mimi, na mtu amekufa katikati yake.

Bado sijakusamehe. Naamka nikiwa nimekasirika, nakumbuka ulivyokuwa mdogo, nakasirika tena. Sijui litachukua muda gani, na mimi ni mzee. Lakini usiache kuandika. Nitazisoma zote.

Baba yako,
Melkior